Vitambaa vya Chepkosgei

"Toa hivyo vitambaa vyako kwenye kamba yangu!"

"Kamba yako? Ulizaliwa nayo?"

"Nimeifunga mimi, kwa mikono yangu, kutoka mlango wangu mpaka kwa ule mti. Toa, Chepkosgei! Watoto wanapita hapa. Mwanamke wa miaka hamsini, unaanika mambo ya mwezi hadharani kama bendera ya serikali!"

Siku zote nilimwita Mama Kipkemei. Kumwita kwa jina tupu mbele ya wapangaji wa ploti nzima kulikuwa kofi, na nilitaka limuume. Na vile vitambaa, kila mwanamke wa Bondeni anajua, havitajwi. Vinaanikwa chini ya leso, jirani anaona na kupita kama hajaona. Mimi niliona, nikapaza sauti.

Chepkosgei alishika nguzo ya mlango wake. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, polepole.

"Ni wivu tu," akasema. "Wewe huna cha kuanika."

Wangu, muuza makaa wa mlango wa tatu, alikuwa anachambua makaa kwenye gunia, akaacha.

"Uuu!" akasema. "Hiyo imeingia ndani kabisa."

"Wangu, uza makaa!" nikamwambia.

Wakati huo mume wangu Barasa akatoka, uso nusu umenyolewa, nusu povu. Nikadhani anakuja kusimama upande wangu. Barasa akapita katikati yetu, akainua ndoo ya maji ya Chepkosgei iliyokuwa chini, akasema, "Wacha nikubebee, Mama Kipkemei," akaipeleka mpaka ndani kwake.

Ndoo yangu ilikuwa pale pale, imejaa pia.

Ili unielewe, nikurudishe nyuma kidogo. Mimi na Chepkosgei tuliingia Bondeni mwaka mmoja, yeye akiwa yaya kwa Wazungu kule juu Milimani, mimi na Barasa wangu wa reli. Mume wake alipokufa, mimi ndiye niliyelala kwake siku kumi. Na yale mambo yetu yalipokoma, yalikoma karibu pamoja, mwaka wa hamsini na sita. Tulicheka mpaka machozi. "Mama Wekesa," aliniambia, "tumefunga duka." Nami nikasema, "Funguo tumetupa ziwani."

Lakini mimi nilipofunga duka, moto ulibaki ndani.

Unaanza hapa kifuani, kama mtu amepuliza jiko. Unapanda shingoni, unafika masikioni, halafu jasho linamwagika mpaka blauzi inashika mgongo. Baada ya hapo natetemeka kwa baridi. Julai, Nakuru yote imevaa makoti ya jeshi, mimi nimekaa mlangoni na leso mbichi shingoni, najipepea kwa kifuniko cha sufuria. Nikasema ni malaria. Nikameza kwinini mpaka masikio yakaimba, moto ukabaki. Nikifungua dirisha, upepo unaleta lile vumbi jeupe la magadi, maana ziwa lilikuwa limekauka miaka hiyo, na kila kitu, unga, chai, kitanda, kinakuwa na chumvi.

Barasa akahamia kwenye benchi la sebuleni. Alichukua blanketi yake tu.

Na wageni! Nyumba yangu ndiyo ilikuwa baraza la Bondeni. Ukitaka kujua nani ameoa, nani ametoroka, unakuja kwangu, unapata chai na habari. Sasa mtu akiuliza sukari, namjibu kama amenitukana mama. Wakaanza kupungua mmoja mmoja, mpaka viti vikabaki vinaangaliana.

Sasa mtazame mwenzangu. Tangu Juni, Chepkosgei alianza kung'aa. Uso laini, hatua nyepesi. Anaimba kwa mfereji asubuhi kama ameambiwa kesho ni Krismasi. Nikamuuliza, "Unapaka nini?"

"Sipaki, nameza. Memsahib alikuwa na shida kama yetu. Wazungu wanaiita chenji."

"Chenji? Ya sokoni?"

"Chenji ya mwili, Mama Wekesa. Kuna vidonge. Alipokwenda kwao Ulaya kabisa, akaniachia chupa. Moto umezimika, nalala kama mtoto."

"Nipe viwili tu nijaribu."

Akaangalia pembeni. "Ni vichache," akasema.

Vichache! Mwanamke niliyemlalia matanga. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Halafu wiki hizo za Agosti nikaanza kuona vile vitambaa kwenye kamba, siku baada ya siku. Amefungua duka! Ameingia kwa mlango wa nyuma, akachukua ujana wake, akaniacha nje na kifuniko cha sufuria. Mjane, bado ana damu, ngozi inang'aa, na mume wangu analala kwenye benchi. Mimi nilimzalia Barasa watoto wawili tu, na mama yake hajawahi kuacha kuhesabu. Mtu akikosa usingizi anaweza kujenga ghorofa kwa hesabu kama hiyo.

Ndiyo maana nilipaza sauti Jumamosi ile. Na ndiyo maana, ndoo ilipobebwa, nilikata shauri.

Nikangoja mpaka adhuhuri, Chepkosgei aende choo cha mwisho wa ploti. Nikaingia kwake. Sikuona haya, haya nilikuwa nimeimaliza asubuhi. Nilijua anaficha vitu vyake ndani ya mkebe wa majani ya chai, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha. Nikatia mkono, nikatoa chupa ya kahawia. Vidonge vyeupe, vidogo kama punje za mtama. Havikuwa vichache hata kidogo.

Nilipogeuka, nikaona karai chini ya kitanda.

Vitambaa vimelowekwa. Sio viwili, sio vitatu. Karai limejaa, na maji yake mekundu kama udongo wa Njoro baada ya mvua. Pembeni, shuka nzuri ya Ulaya imechanwa vipande, vingine bado havijatumika.

"Umeviona," Chepkosgei akasema nyuma yangu.

Nilikuwa na chupa yake mkononi. Sikuwa na uongo hata mmoja karibu.

"Chukua," akasema. "Chukua yote. Nilikunyima nikiogopa vitaisha. Sasa hata kuviangalia sitaki." Akakaa kitandani kama gunia linalowekwa chini. "Inatoka siku ya kumi na mbili leo, Mama Wekesa. Haikatiki. Nikisimama, nyumba inazunguka. Nimeanika kwa kamba yako kwa sababu yangu imejaa."

Nitasema ukweli, kwa sababu uongo wangu wote ulikwisha siku hiyo. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni hakikuwa huruma. Nilisema kimoyomoyo: hata ugonjwa wake ni wa kijana. Wivu ni kama moshi wa kuni mbichi, unaweza kuzima moto na bado ukakohoa. Lakini nimezalisha wanawake sita kwenye ploti ile. Damu naijua. Ujana hauna rangi ile ya midomo, nyeupe kama magadi.

"Umemwambia nani?"

"Nani? Nikisema, watasema nimetoa mimba. Mjane wa miaka hamsini." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Afadhali waseme naringa."

"Simama," nikamwambia. "Nishike hapa."

Tulikwenda hospitali pole pole, tukipumzika kila pahali penye kivuli. Kwenye dirisha la dawa alikuwepo Bwana Kahiga, mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Nikampa chupa. Akaisoma, akaiweka chini, akatoa miwani.

"Nani ameandikiwa hii?"

"Memsahib," Chepkosgei akasema.

"Na wewe unaitwa Memsahib?"

"Hapana, daktari."

"Mimi sio daktari. Unameza vipi?"

"Kimoja asubuhi. Joto likizidi, viwili."

"Na mapumziko?"

"Mapumziko gani?"

Bwana Kahiga akafunga macho kidogo. "Mama, hiki kidonge kinauambia mwili kwamba bado una miaka ishirini. Mwili unaamini. Tumbo la uzazi linajitandikia godoro, kila siku godoro juu ya godoro, likimngoja mgeni asiyekuja. Mwishowe lazima litoe hayo magodoro nje. Daktari anapimia mtu, anampa kidogo, anampumzisha, anaangalia. Wewe umejipimia kwa joto tu."

"Kwa hivyo ni vidonge tu?" nikauliza.

"Huenda. Lakini mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila kuona mwezi, halafu akaona damu, hata tone, lazima apimwe. Kuna vitu vingine vinaletaga damu, na hivyo havingoji." Akamgeukia mwenzangu, sauti imelainika. "Hurudi nyumbani leo."

Wakamlaza. Jumatatu mama daktari, Mzungu mwenye mikono mikubwa kama ya fundi, akampima, na Bwana Kahiga akatafsiri. Walimsafisha tumbo la uzazi. Ndani hawakuona kitu kibaya, ni yale magodoro. Vidonge vikome, arudi baada ya mwezi waangalie tena, na ale maini na mboga nyingi kurudisha damu.

Halafu yule daktari akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa najipepea kwa kofia ya mgonjwa mwingine.

"Anauliza na wewe una nini," akasema Bwana Kahiga.

Nikasema yote, moto, jasho, kwinini, benchi. Hata benchi! Mama daktari akacheka kidogo, akaongea kwa muda mrefu.

"Anasema huna malaria, uache kwinini. Anasema hii ina mwisho wake, kwa wengine mwaka, kwa wengine mingi. Ukiweza, ngojea: nguo nyepesi za pamba, chai isiwe ya moto sana, dirisha wazi. Ukishindwa, kuna vidonge kama hivi, lakini lazima upimwe kwanza, upewe kidogo, kwa miezi michache, na urudi kila anapokuita. Sio vya kila mtu. Chagua mwenyewe."

Chupa ya kahawia ilikuwa juu ya meza yake. Jumamosi nilikuwa nimeingia kuiiba. Nikaitazama. Nikamtazama Chepkosgei amelala, amekuwa mdogo chini ya blanketi ya hospitali.

"Mwambie nitakuja kupimwa siku huyu atakaporudi," nikasema. "Nikipewa, nitameza vyangu, kwa jina langu. Na mapumziko nitapumzika."

Alipoachiliwa siku ya Alhamisi, Barasa alikuja na baiskeli ya rafiki yake, akamkalisha nyuma, akaikokota mpaka Bondeni. Mimi nilitembea kando. Njiani nikashindwa kujizuia.

"Ile siku, kwa nini ulibeba ndoo yake ukaacha yangu?"

"Alikuwa anayumba," Barasa akasema. "Wewe ulikuwa unapiga kelele. Mtu anayepiga kelele ana nguvu."

"Na benchi?"

Akaangalia tairi. "Kila nikilala karibu unanisukuma. Nilidhani umenichoka."

"Nilikuwa nasukuma blanketi, Barasa!"

"Mimi nilikuwa ndani ya hiyo blanketi."

Huko nyuma ya baiskeli, Chepkosgei alicheka mpaka akashika tumbo.

Lilibaki jambo moja. Nilikuwa nimetangaza siri yake mbele ya ploti, na neno likishatoka hulirudishi kinywani. Kumwomba msamaha mbele ya watu ingekuwa kulitaja mara ya pili. Nikakaa nikafikiri. Kisha nikaingia kwake, nikachukua lile karai, nikafua vile vitambaa mimi mwenyewe, maji matatu, mpaka vikawa vyeupe. Nikaenda kuvianika kwenye kamba yangu, katikati kabisa, bila leso juu.

Wangu hakukawia. "Mama Wekesa! Na hivyo tena ni vya nani?"

"Vyangu."

"Vyako?"

"Hata vile vya Jumamosi vilikuwa vyangu. Nilimsingizia mwenzangu. Una swali lingine?"

Wangu akanitazama, akatazama kamba, akanitazama tena, safari hii kwa macho ambayo sijaona mwanamke akinitazama nayo miaka miwili. Macho ya wivu. Wangu naye anajipepea siku hizi, nimemwona. Na kusema kweli, lile neno "vyangu" lilinikaa vizuri mdomoni, tamu, kama sukari guru.

Moto ukaja papo hapo, ukapanda shingoni. Nikauacha upite. Maini yalikuwa yameiva na vitunguu, harufu imejaa ploti, na Barasa alikuwa ameshaanza kupanga viti. Chepkosgei alikuwa kwenye ngazi ya mlango wake, ameona kamba, ameona vitambaa, amesikia kila kitu. Machoni alikuwa na maji.

"Unalia nini?" nikamwambia. "Ingia ndani tule, Mama Kipkemei. Kipande kikubwa ni chako, nimeshakionea wivu tangu kikiwa sufuriani. Na wewe Wangu, nawa hayo makaa mikononi, uingie pia."