Ng'ambo ya Rweru

Mama yangu alimwita baba yangu mwongo kwa muda wote wa ndoa yao, na sababu ilikuwa moja tu: ziwa.

Baba, Kakuru, alikuwa mfugaji wa Nyakasimbi, huko Karagwe. Katika ujana wake aliwahi kuswaga ng'ombe wa kuuza hadi Bukoba, na aliporudi akasimulia kwamba ameliona Rweru, lile ziwa kubwa la Bukoba, maji yasiyo na ng'ambo, na kwamba jua la kule hutokea majini. Mama alicheka mpaka akaweka chini kibuyu cha maziwa. Yeye alikuwa anayajua maji. Mto Kagera una ng'ambo. Ziwa Rwakajunju lina ng'ambo, tena ina vilima na watu wake. "Maji yasiyo na ng'ambo yanashikiliwa na nini?" alimuuliza. Baba akaenda kufunga ndama, na mama akahesabu kwamba ameshinda.

Tangu siku hiyo, baba akisema mvua itanyesha au ndama atapona, mama alimjibu, "Kama lile ziwa lako." Sisi watoto tulicheka. Nadhani hata baba alicheka, mwanzoni. Lakini alipokuwa kitandani na ule ugonjwa uliomwondoa, alimwambia mama, "Kyarisiima, siku moja nenda ukaone." Mama akamjibu alivyozoea, "Nikaone nini, uongo wako?" Alikuwa anamtania ili acheke kidogo. Baba hakucheka. Aligeukia ukutani, na kabla ng'ombe hawajarudi jioni alikuwa amekata roho.

Mama hakuligusa tena jambo hilo mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Mganga wa zahanati alimwangalia akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba hana dawa yake. Ndipo mama akaniletea ujumbe Bukoba, nilikoolewa. Alisema anataka kuliona Rweru kabla macho hayajafunga. "Kama baba yako alikuwa mwongo, nijue. Kama hakuwa mwongo, nijue pia, maana nilimwacha aondoke na neno lile."

Kumleta mama Bukoba si kazi, ila mume wangu ndiye mwenye lori. Gosbert ni Mhaya wa Muleba, mnunuzi wa kahawa, mtu anayesikika sokoni akibishana na watu kumi kwa pamoja. Mbele ya mama yangu huwa kama mtoto aliyevunja chungu. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawatajani majina, hawasemeshani. Ni heshima, na ni heshima nzito. Siku moja alikutana na mama njiani pale Nyakasimbi, akajitupa kwenye migomba na suti yake ya Jumapili, akabaki humo hadi mama apite. Mama alimwona waziwazi. Alimsifu mwezi mzima kwamba kijana yule amelelewa.

Sasa watu hao wawili walitakiwa kusafiri kwenye lori moja kutoka Karagwe hadi Bukoba. Mahali pa heshima ni mbele, kando ya dereva, na dereva ni mkwe. Kwa hiyo mama alipanda nyuma, juu ya magunia ya kahawa, akakaa akitazama tulikotoka ili asione hata kisogo cha Gosbert, nami nikakaa karibu yake. Tulipopita Bugene watu walisimama barabarani kushangaa bibi mzima aliyepangwa juu ya mizigo. Gosbert aliendesha kama aliyebeba mayai, na kila tuliposimama alishuka upande wa pili akalisemesha tairi.

"Mwambie mama yako tutapumzika Kyaka," alisema.

Nikamgeukia mama. "Anasema roho inamuuma kukutikisa hivi. Anakuomba upumzike Kyaka, na anasema tangu anunue lori hili hajawahi kubeba mzigo wa thamani kama wewe."

"Mwambie nashukuru."

"Anasema wewe ni mwanamume kati ya wanaume," nilimwambia Gosbert, naye akalipiga tairi kofi kwa furaha.

Sioni aibu kwa hilo. Ukiwekwa katikati ya watu wawili wasiosemeshana, ukabeba maneno makavu kama yalivyo, watamaliza safari wakiwa maadui. Lakini mama macho yalimpungua, masikio hayakumpungua. Tulipofika Kyaka aliniambia, "Kyomukama, yule mwanamume kafumbua mdomo mara moja, wewe umeniletea hotuba. Unapika maneno. Umemrithi baba yako."

Tuliingia Bukoba jioni, mvua ikinyesha, na ziwa halikuonekana kabisa. Mama alilala nyumbani kwetu. Gosbert, kwa kuwa hawezi kulala chini ya paa moja na mama mkwe, alilala kwenye lori. Kesho yake ukungu ulikuwa bado umeziba kila kitu, basi tukamtembeza mama mjini. Gosbert alitangulia mbele na mwavuli wake kama mtu asiyetufahamu, sisi tukamfuata. Alipotaka tuone kitu alisimama mbele yake kidogo, akakohoa, akaendelea.

Alikohoa mbele ya duka la Mhindi lenye ghorofa. Mama alishika vitambaa kimoja baada ya kingine, akauliza watu wanaoishi juu ya vichwa vya wenzao hawaoni haya. Alikohoa mbele ya ghala la kahawa, na mama akasimama mlangoni akivuta pumzi, amefumba macho. Kisha tukapanda kilima cha Bunena, kanisani.

Mama hakuwa amewahi kuingia kwenye jengo kubwa kuliko kanisa letu la nyasi kule kijijini. Alivua makubadhi yake ya ngozi mlangoni, akaingia miguu mitupu, akaniuliza paa liko wapi.

"Juu, mama. Mbali sana."

Aliinua uso. Halafu, kabla sijamzuia, akatoa ule mwito wetu wa kuita ng'ombe jioni, ule mrefu unaopanda. Nilitamani ardhi inimeze. Mtawa aliyekuwa anapanga maua alisimama na ua mkononi. Lakini mwito ulipanda ukaenda, ukagusa mahali fulani huko juu, ukaturudia taratibu kutoka kila upande, kana kwamba kuna mwanamke mwingine upande wa Mungu anaita ng'ombe wake. Kanisa hilo nimesali humo miaka yote na sikujua kwamba linaweza kufanya hivyo.

"Nyumba hii inaitikia," mama alisema, akapiga magoti. Mtawa naye akapiga magoti.

Wakati tunashuka, meli ilipiga honi gatini. Mama akanishika mkono akaniuliza huyo ni ng'ombe gani. Nilipomweleza kwamba ni chombo cha chuma kinachobeba watu na magari juu ya maji, hakubisha. Alisema tu kwamba siku imekuwa kubwa kuliko alivyoitarajia, na kwamba kesho aone alichokijia.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeondoka. Tulishuka ufukweni, Gosbert mbele kabisa ukingoni mwa maji, sisi nyuma. Mimi ziwa naliona kila siku, na kitu unachokiona kila siku unaacha kukiona. Asubuhi ile nililiona. Maji yalikuwa meupe hadi yanapokutana na mbingu, na pale yalipokutana hapakuwa na mstari. Nyuma yetu vilima vilikuwa bado vyeusi, migomba haijaamka. Kisha jua likaanza kutoka. Halikutoka nyuma ya kilima wala nyuma ya mti. Lilitoka ndani ya maji, jekundu, kama baba alivyosema, na nilijikuta nalia kwa kumkumbuka.

"Mama, unaliona? Linatoka majini."

Mama alitazama muda mrefu, mkono juu ya nyusi. Kisha akanyoosha kidole.

"Na lile jeusi pale?"

"Kile ni kisiwa, mama. Kinaitwa Musira."

"Ni ng'ambo."

"Ni kisiwa. Maji yamekizunguka pande zote."

"Ni jeusi, ni refu, na liko upande wa pili wa maji. Hiyo ndiyo inaitwa ng'ambo, mwanangu." Mkono ukashuka. "Basi nilisema kweli." Sijapata kumsikia mtu akishinda kwa sauti ya namna ile.

Mimi sina subira, na hapo niliishiwa kabisa. Nilimwambia macho yake hayamwonyeshi vizuri. Nilimwambia tuwaulize wavuvi. Alisema wavuvi ni watu wa ziwa, kila mtu husifia chake. Nilimwambia basi aniamini mimi, mwanawe wa kumzaa.

"Wewe ulikuwa upande wa baba yako tangu unatambaa," alisema. "Na unapika maneno."

"Basi nitamuuliza Gosbert. Ameshasafiri kwenye maji haya."

"Atakwambia moja, utaniletea jingine tamu. Nimekusikia njia nzima." Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka. "Yule angeniambia mwenyewe ningeamini, maana hakuna mtu wa kwetu anayeweza kumdanganya mama mkwe wake. Lakini hawezi kunisemesha. Turudi nyumbani, Kyomukama."

Chumvi yangu yote ya safari ilikuwa imenigeukia mdomoni. Baba alikuwa anakwenda kuwa mwongo milele, na kwa sehemu ilikuwa ni kwa sababu ya ulimi wangu.

Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, kwa hiyo Gosbert alikuwa amesikia kila neno. Niliona shingo yake imekakamaa. Akavua kofia. Akapiga hatua, akaingia majini na viatu vyake, maji yakamfika kwenye vifundo, akasimama hapo mgongo kwetu. Kisha akasema kwa sauti kubwa, ile ya sokoni.

"Wewe Rweru. Hapa sisemi na mtu. Nasema na wewe."

Mama aliukaza mkono wangu.

"Hicho ulichokiweka mbele ni Musira. Nimekizunguka kwa mtumbwi. Nyuma yake nilikuta maji, na nyuma ya maji yale, maji. Nimepanda meli yako kwenda Mwanza. Jua lilizama nikiwa juu yako, likachomoza nikiwa bado juu yako. Niligeuka kila upande, sikuona kilima, sikuona hata jani. Niliogopa, nikasali rozari nzima." Alikunja kofia mikononi. "Sitakusingizia. Mwanza ipo. Mwisho unao, kama kila alichokiumba Mungu. Lakini mtu aliyetoka mbali na ng'ombe wake, akasimama hapa akakutazama, hawezi kuiona ng'ambo yako, awe na macho mazuri kiasi gani. Akirudi kwake akasema huna ng'ambo, hajamdanganya mke wake. Amemwambia alichokiona."

Mawimbi madogo yalikuwa yanapanda kwenye suruali yake na kushuka. Nilisubiri mama aniambie nimpelekee jibu gani, na nilikuwa nimejiapiza moyoni kwamba safari hii nitalipeleka kama lilivyo, bila kuongeza hata nukta.

Mama hakunipa neno. Aliachia mkono wangu, akatembea peke yake juu ya mchanga, polepole, akipapasa kwa miguu, mpaka maji yakamgusa vidole. Hapo akarekebisha kanga yake, akapiga magoti mawili, akainamisha kichwa na kuweka mikono pamoja, kama mke wa kwetu, wa Kinyambo, anavyopiga magoti mlangoni kumpokea mumewe aliyekuwa safarini.

"Kakuru," alisema, "pole na safari. Kaa hapa, unisimulie tena."

Gosbert hakugeuka. Alibaki majini na viatu vyake, mgongo kwetu, hadi mama alipomaliza kusikiliza.