Ile Siku Bwana Yangu Alishitakiwa Juu ya Mvua

Bwana yangu Phinées alikuwa na mudomo, na ule mudomo njo ulituletea mambo. Yeye ni fundi wa matofali kule bondeni, kando ya muto Kimemi. Kila mutu anayekuja kununua anauliza swali moja tu: matofali ingali mbichi, haijaingia kwa tanuru, mvua ikinyesha itakuwa namna gani? Phinées anacheka, anajipiga kifua: "Papa, usiogope. Kwangu mvua inaombaka ruhusa." Batu banacheka, banaacha avance, feza ya kwanza, banaenda. Mie nilimwambia mara na mara, "We mwanaume, ile maneno itakuchoma." Akanijibu eti ni publicité, ya kuvuta banunuzi.

Kwetu batu banaamini tangu zamani kama bafundi ya matofali banafungaka mvua ili mali yao ikauke. Sasa ukijisifu weye mwenyewe, nani atakutetea?

Ilikuwa wakati ya vita ya pili ya inchi yetu. Baasi balikuwa banatawala muji, barabara haikuwa ya kuaminia, na chakula yetu ilikuwa ile tu inashuka toka milima ya Masereka kwa mugongo ya bamama. Na ile saison ya kupanda, mvua ikakataa. Batu bakapanda maharagi, ikakauka. Bakapanda tena, ikakauka. Karibu kila nyumba ilibakia na mbegu ya kupanda mara moja, kiisha basi. Na kule bondeni matofali ya bwana yangu ilikauka muzuri kabisa, kila mutu anapita anaiona.

Balikuja kumukamata siku ya Mungu kiisha ya misa. Mbele yao alikuwa Lusenge, muuzaji wa chumvi, mutu mwenye sauti. Bakamuburuta mpaka kwa Papa Syauswa, chef wa quartier, mukubwa wa mutaa yetu, na mie nikafuata nyuma na kitambaa ya kichwa imeanguka. Lusenge akasema wazi: Phinées afungue mvua leo, ama vijana bamupeleke kwa bale ba porini, bamuhukumu kule. Bale ba porini, kundi ingine, balikuwa na bunduki yao, na mutu aliyepelekwa kwao hatukumuona tena.

Papa Syauswa hakuwa mutu mubaya, mais aliogopa ile batu. Akaita Esdras, agronome aliyetoka Beni, aliyekuwa anafundisha balimaji. Nikapumua. Nilijua Esdras amesoma. Atasema maneno mbili, nitarudi nyumbani na bwana yangu.

Kumbe! Esdras akasimama, akakohoa, akaanza masomo.

"Bandugu, hakuna mutu alifunga mvua. Dunia inapata joto. Jua linapiga bulongo, joto inapanda kurudi juu, mais kuna hewa fulani huko inaizuia, kama bulangeti. Bila ile bulangeti tungekufa na baridi. Mais sasa batu banaiongeza uzito. Kila kitu tunachoma, mazut ya mashine, makaa ya mawe, pori, inatoa ile hewa. Inapanda, inabakia huko miaka mingi. Donc joto inabakia, na mvua inapoteza mazoea yake. Fasi moja inazidi, fasi ingine inakosa."

"Mumesikia!" Lusenge akaruka. "Kuchoma! Na nani anachomaka hapa Kimemi kutoka asubui mpaka magaribi?"

Batu bote bakageuka kuangalia Phinées. Mungu Nyamuhanga wangu! Niliona vile mutu anaua mwenzake na elimu. Nikashika Esdras kwa shati, nikamwambia, "Monsieur, balikuita umutoe, weye unamuzika?"

Akatoka jasho. "Hapana, hapana! Tanuru yake ni kitu kidogo! Mie nasema mashine na mausine, viwanda ya dunia nzima, tangu bababu zetu."

"Kidogo, donc iko," Lusenge akasema.

"Iko, kama moshi ya jiko yako weye mwenyewe."

Batu bakanung'unika, sababu hakuna mutu anapenda kuambiwa juu ya jiko yake. Mzee moja wa Masereka akauliza: "Joto gani? Juzi kule kwetu nimelala na mabulangeti mbili, na meno inagonga." Bakacheka. Esdras akajibu: "Papa, mutoto mwenye homa, si miguu yake inaweza kuwa baridi? Utasema hana homa? Usiku moja haitoshi. Unapima miaka mingi, na fasi mingi." Mzee akakunja uso. Mie pia sikujua kama ameshindwa ao ameshinda.

Lusenge hakuchoka. Akasema kiangazi kali kama hii ilikuwako tangu zamani, mbele mashine haijazaliwa. Esdras akasema ndiyo, na zamani radi ilichoma manyumba. Je, ile inaonyesha kama leo hakuna mutu anaweza kuchoma nyumba na kiberiti? Lusenge akasema basi ni jua imeongeza kali. Esdras akasema jua banaipima, haikuongeza. Tena kama ingekuwa jua, mchana ungepata joto kupita usiku, mais usiku njo unazidi kupata joto. Lusenge akapiga mikono: "Hamujue mvua ya kesho, mutajua ya miaka inayokuja?" Na Esdras: "Weye hujue nani atanunua chumvi yako kesho. Mais unajua kama Noeli soko itajaa."

Maneno ilikuwa tamu, na mie sikuelewa nusu. Kichwa yangu ilizunguka. Bulangeti isiyoonekana, moshi ya batu ba mbali, homa ya dunia! Nilitaka neno moja tu.

Papa Syauswa pia akachoka. "Agronome, jibu ndiyo ao hapana. Hii kiangazi yetu, inatoka kwa ile bulangeti yako?"

Na Esdras, mujinga yule wa kusema kweli, akasema: "Papa chef, kiangazi moja peke yake siwezi kuapa. Ile joto inafanya ikuje mara mingi na ikuwe mbaya zaidi. Mais hii moja tu, siwezi kuapa."

"Ahaa!" batu bakalia. Vijana bakashika mikono ya bwana yangu tena.

Hapo hasira ikanipanda mpaka kwa masikio. Nikasukuma Esdras pembeni. "Sikilizeni mie Kaswera, muke wake! Mwaka tulioana, mvua ilimukuta kule bondeni, ikamuyeyushia matofali yote. Yote! Ilirudi kuwa potopoto. Alikaa ndani ya ile potopoto analia kama mutoto, na weye Lusenge ulikuja kumuangalia, ukacheka mpaka ukaanguka. Mutu anayefunga mvua, njo analia vile? Huyu hawezi kufunga hata kuku!"

Kiisha mutu moja akacheka, halafu mwingine. Lusenge mwenyewe akakumbuka, akafunika mudomo. Bwana yangu akainamisha kichwa, haya imemuvaa mwili muzima, na mikono ya vijana ikamuachilia. "Basi," Papa Syauswa akasema, "si yeye. Rudini manyumbani."

Nilitaka kupiga kigelegele. Mais Mama Tamar, mujane wa Masereka, hakucheka. Alikuwa amekaa chini na maharagi yake ya mwisho imefungwa ndani ya kitambaa. Akasimama, akakuja, akapiga magoti mbele ya bwana yangu.

"Mwanangu," akasema, "sema ni weye."

"Mama?"

"Sema ni weye ulifunga. Mutu aliyefunga anaweza kufungua. Nitakuomba, nitakuletea kuku, nitakulimia. Bale ba mbali ba mashine, agronome anasema, mie nitabafikia namna gani? Nikilia huku, batanisikia?"

Phinées akaniangalia. Nilimukamata mukono, nikakaza mpaka makucha ikaingia, sababu ninamujua, ana huruma ya kijinga. Batu balikuwa bamesimama, banangojea. Hata Lusenge alikuwa anangojea, na sura yake ilikuwa kama ya mutu anayeomba.

"Hapana mie, Mama," bwana yangu akasema. "Unisamehe."

Mama Tamar akaangua kilio, kilio ya kufiwa kabisa. Akageukia Esdras, akamuuliza apande leo ao angojee. Esdras akafungua mikono, akasema hajue.

Batu bakaenda moja-moja, hakuna aliyefurahi. Mie nilikuwa nimerudishiwa bwana yangu muzima, na nilishindwa kumuangalia ule mama kwa macho.