Hakimu Amefunga Choo

Siku ya tisa niliacha kujidanganya. Daftari langu lilisema wazi: Jumatatu, hakuna choo, Jumanne, hakuna, uzito kutoka gramu sitini na mbili hadi hamsini na saba. Mjusi wangu alikuwa amelala kwenye kona ya baridi ya sanduku lake la kioo, tumbo limetuna kama kitakia cha pini. Nilipogonga kioo, hakuinua kichwa.

Jina lake ni Hakimu, kwa sababu hutazama watu kana kwamba amekwisha kusikia kesi yao na utetezi haukumridhisha. Ni wa manjano, mwenye madoa meusi na mkia mnene. Tunaishi naye, mimi na mjomba wangu fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho karakana.

"Bado hajaenda?" Mjomba aliuliza, pini zikiwa midomoni.

"Bado."

"Mtu mzima na digrii yake, anasubiri mavi ya mjusi."

"Mjomba, leo sina utani."

"Na mimi sina. Wenzake wako ukutani pale, hawalipiwi chochote, na wanajitibu." Hata hivyo alizima pasi, akavaa koti. "Lete hilo sanduku nibebe. Wewe chukua daftari lako."

Kliniki ya mifugo iliyo karibu nasi ina benchi moja tu. Tuliketi karibu na jogoo aliyefungwa miguu, ambaye alimtazama Hakimu kwa nia mbaya. Zamu yetu ilipofika, daktari alifungua sanduku, akalifunga, akalifungua tena.

"Dada, huyu ndiye mgonjwa, au ameingia tu?"

"Ndiye mgonjwa. Amefunga choo siku tisa."

Alichukua chupa ya dawa ya kulainisha choo cha watoto wa mbwa, akaanza kugawanya kipimo cha kilo kwa gramu. Nilimuuliza swali nililoliandika kabla ya kutoka nyumbani: amewahi kumtibu mnyama mtambaazi?

Aliiweka chupa chini. "Kobe mmoja. Alikufa." Akafikiri kidogo. "Nikikisia, nitamuua na huyu. Ngojeni."

Alimpigia simu mwanamke aliyesoma naye, ambaye sasa hutibu nyoka na kobe katika chuo kikuu. Daktari huyo wa mifugo nimemheshimu tangu siku hiyo.

Daktari wa nyoka, tuliyemfuata chuoni siku hiyo hiyo, alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kwa robo saa nzima hakumgusa Hakimu, aliuliza tu. Upande wa moto una joto gani? Sakafu ni ya mchanga? Anakula nini? Nilijibu kutoka daftarini: nyuzi thelathini na mbili, karatasi, si mchanga, nyenje watano, kila baada ya siku moja.

"Laiti wenye mbwa wangekuwa hivi," alisema.

"Hata mchumba wake hajaandikiwa daftari," Mjomba alidakia.

Kisha daktari alimpapasa Hakimu tumbo kwa kidole kimoja, akampiga picha ya eksirei. Ndani ya utumbo palionekana bonge jeupe, kubwa kama punje ya harage.

"Hili si mfupa, wala si nyenje. Linafanana na udongo. Ameutoa wapi?"

"Kwetu hakuna udongo."

"Basi tuanze upya. Nyenje anatoka koponi, anafika mdomoni. Katikati pana nini?"

"Unga wa kalsiamu. Tunampaka nyenje kabla hajaliwa, kwa ajili ya mifupa ya Hakimu."

"Nani humpaka?"

"Mimi. Mwezi uliopita nilisafiri kikazi wiki mbili, akampaka Mjomba."

Mjomba alikuwa akichunguza dari. Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki ya kushonea, akakiweka mezani kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Kopo la kalsiamu liliisha siku ya tatu," alisema. "Simu yako haikupatikana. Nikaona unga mweupe, na chaki nyeupe. Nikaikwangua kwa wembe, nikaichekecha kwa kitambaa chepesi cha shifoni. Sikutaka akose."

Daktari hakumkemea. Alikwangua chaki kidogo kwenye kisahani, akadondosha maji, akakoroga kwa kijiti. Sote watatu tuliinama. Unga ulinyonya maji, ukawa ute mzito, ukang'ang'ania kijiti.

"Udongo," alisema, kwa furaha ya mtu aliyepata jibu. "Tumboni hugandamana. Lakini umeusaga vizuri, Mzee. Ungekuwa na chenga, ungemchana."

"Atapona?" Mjomba aliniwahi kuuliza.

"Nitampa maji kwa mrija. Nyumbani, mkalisheni kwenye maji ya vuguvugu mara mbili kwa siku, mumkande tumbo taratibu kuelekea mkiani. Siku tatu. Lisipotoka, nitampasua, na wadogo kama huyu si wote huamka."

Mjomba hakuniachia beseni. Alipima maji kwa kipimajoto, kwa maelezo kwamba amekwisha kukisia mara moja na inatosha. Wateja walimkuta akimkanda mjusi tumbo.

"Fundi, suruali yangu?"

"Kaa hapo. Huyu ametangulia."

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili, hakuna. Gramu hamsini na sita. Siku ya tatu nilikuwa na mkutano nisioweza kuukwepa, na sikusikia neno lililosemwa humo. Saa nane mchana nilimpigia daktari, nikamwomba atutengee nafasi ya upasuaji asubuhi.

Jioni nilisikia cherehani ikinguruma tangu barabarani. Mjomba hakuinua kichwa.

"Angalia daftari lako," alisema.

Chini ya mistari yangu palikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko anaoandikia vipimo vya wateja: *Saa tisa na robo. Choo. Urefu nusu inchi, upana robo. Cheupe, mwishoni kahawia. Amekunywa maji. Amenitazama.*

Nilitazama dirishani. Utepe wake wa kupimia ulikuwa umeanikwa pale, umefuliwa kwa sabuni, ukichuruzika maji.