Nyama Isiyosubiri Mtu

Kwa miaka mingi Dobi aliijua nyama ya nguruwe ya Kichina, ile tamu na chachu, kwa madoa yake tu. Vitambaa vya meza vya mgahawa wa jirani vilimfikia vikiwa na mabaka mekundu yanayonata, naye aliyasugua huku akijiuliza kama watu wale walikuwa wanakula au wanarushiana. Kisha siku moja akamsikia Binti akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba anakitamani mno chakula hicho. Kesho yake Dobi aliporudisha vitambaa mgahawani, alimbana mpishi mpaka akamweleza kila kitu.

Binti alikuwa mtoto wa mumewe. Mama yake mzazi alifariki, na Dobi alipoolewa nyumba ile alikuta sheria moja: hakuna anayegusa chakula mpaka baba afike. Ilikuwa sheria ya marehemu, na Binti aliilinda kama askari wa getini. Baba akifika, Binti alipakua, akaketi ubavuni kwake, akala chapuchapu na kurudi chumbani. "Asante, mama mdogo," alisema kila siku, kwa adabu anayopewa mgeni. Yeye na Binti hawakuwahi kula wawili peke yao, na jambo hilo lilimuuma Dobi kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Jioni hiyo alikata nyama vipande vidogo, akavipaka yai na unga wa wanga, akavikaanga, akaviopoa, kisha akavirudisha kwenye mafuta ya moto zaidi mpaka ganda likakauka kweli. Pembeni alichemsha siki, sukari na sosi ya nyanya, akatia hoho, nanasi, na embe ambalo mpishi hakulitaja lakini lilikuwepo na lingeoza bure.

Simu ikalia. Mumewe, fundi wa lifti, alikuwa karibu kufika. Dobi akamwaga sosi juu ya nyama. Hata sufuria hajaiweka chini, simu ikalia tena.

"Mke wangu, nageuza. Kuna bwana amekwama katikati ya ghorofa, na kelele zake jengo zima linazisikia."

"Utachukua muda?"

"Lifti ikishanuna, nani ajuaye?"

Dobi akaweka simu chini. Mpishi alikuwa amemwonya: sosi ikishagusa nyama, kula hapo hapo, la sivyo ganda linalowa na kazi yote imekwenda na maji. Binti naye alikuwa amesimama mlangoni, harufu imemtoa chumbani.

"Baba yuko wapi?"

"Kuna mtu amekwama kwenye lifti."

"Basi tunasubiri."

"Tunasubiri," alisema Dobi. Kuivunja sheria ya marehemu kungekuwa kujimaliza mwenyewe. Akaongeza tu, kwa unyonge, "Ila hii ikikaa inalowa."

Binti akaitazama sahani, akautazama mlango. Akachukua kipande kwa vidole kama anayekagua, akatafuna. Akachukua cha pili. Cha tatu akakinyoosha upande wa pili wa meza.

"Shika, mama mdogo. Vinalowa."

Wakala wamesimama, vidole vikiwanata kwa sukari. Binti alisema embe ndilo lililookoa jahazi, maana nanasi lilikuwa kali. Dobi akamsimulia habari ya vitambaa na watu wanaorushiana nyama, na Binti akacheka mpaka sosi ikamdondokea kwenye shati la shule.

"Maji baridi kwanza," Dobi akasema. "Sabuni baadaye."

Baba alipoingia, grisi mpaka viwikoni, alikuta wali, sosi na vipande vichache vya nanasi.

"Hamkunisubiri?"

Hakuwa na hasira, alishangaa tu. Hata hivyo Dobi akafungua mdomo aombe radhi.

Binti akamtangulia. "Hii haisubiri mtu, baba." Akampakulia wali, akaumwagia sosi iliyobaki. "Hata mama angekula."

Baba alimtazama binti yake, akamtazama mkewe, kisha akainamia sahani. Dobi aligeukia sinki na kufungua bomba lote, kwa sababu alikuwa analia kwa furaha na hakutaka kuulizwa. Nyuma yake alimsikia Binti akivuta kiti na kuketi, ingawa cha kula kilikuwa kimekwisha.