Miguu Ishirini na Mitatu Mbele ya Baraza la Rufaa

Naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto lenye mtoto wa jicho: ninayoandika hapa ni kweli tupu.

Mjukuu wangu wa kike anasoma ugenini, mwaka wa tatu, kazi ya kutengeneza miguu ya bandia. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea, sijamaliza hata wiki mbili, barua ikaingia. Viza yake imefutwa, eti hakuonekana chuoni siku ishirini na tatu. Akate rufaa ndani ya siku kumi, la sivyo afunge virago.

Akaketi sakafuni na koti lake mwilini. "Lakini nilikuwepo kila siku, Babu!"

Kumbe chuo huhesabu watu kwa kadi, kwenye milango ya madarasa. Yeye siku zote hizo alikuwa karakana ya plasta. Huko mlango hauna mashine, na kadi huachwa kabatini zisiharibike.

"Sasa huko wanajuaje nani kaja na nani katoroka?"

"Kazi yako ndiyo inasema. Ukishamimina kalibu ya mguu, kabla plasta haijakauka, unachora tarehe na namba yako kwa msumari. Usipochora, fundi mkuu anaivunja."

Mimi nimekuwa karani wa bohari miaka thelathini na moja. Niliruka kama nimekalia kaa la moto.

"Bibi wewe! Una ushahidi rafu nzima, halafu unalia?"

Akanitazama. Akafuta kamasi, akavaa viatu.

Siku ya rufaa niliingia na magunia mawili mgongoni. Mlinzi akapapasa la kwanza, akakuta nyayo, akatoka mbio mpaka leo hajaonekana. Nikaipanga miguu yote mezani. Mwenyekiti, mama mwenye miwani ya mnyororo, akaisoma mmoja mmoja: tarehe tatu, tarehe nne, tarehe tano. Mguu wa nane, nadhani kwa heshima, ukakunja goti.

"Huyu si mtoro," mama akasema. Viza ikarudishwa palepale, nami nikapigiwa makofi.

Nilipofika hapo kuandika, mwenye kesi akawa amesimama nyuma yangu anasoma, mkoba begani. Alikuwa anakwenda karakana kumalizia mguu wa mpishi mmoja aliyeungojea tangu viza ifutwe.

"Babu! Magunia gani? Tulipeleka picha, kwenye bahasha."

"Bahasha ilikuwa nzito."

"Wewe hata hukuingia! Ulibaki nje unampiga kamba mlinzi. Na jibu lilichukua wiki tatu, sili, silali."

"Lakini lilikuja."

"Lilikuja." Akacheka, akaigusa kadi yake shingoni. "Ila wazo la zile kalibu lilikuwa lako, hilo sikunyang'anyi. Na faini yako unaijua."

Kwake, anayetia chumvi hufua aproni za karakana. Akaondoka akishuka ngazi mbili mbili, namsikia mpaka chini.

Basi nimekunja mikono ya shati. Aproni ziko nne bafuni, zimeganda plasta hata zinasimama wima zenyewe.

Haya, zinasimama tatu. Ya nne imeegemea ukuta.