Dozi ya Mchana

Udenda ulikuwa unamtoka Merdi tena. Angèle aliufuta kwa ncha ya kitenge, ukatoka, akaufuta, huku mkono wake mwingine umekishika kidevu cha mwanawe kisiende upande. Taya lilikuwa limekaza. Mwanamume mzima mwenye ndevu alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, shingo imepinda kuelekea paa la jirani, wala hakuweza kuirudisha. Dawa ya zamani ya ugonjwa wa akili ndiyo iliyomfanya hivyo. Kulikuwa na kidonge kingine cha kulegeza misuli, lakini hicho kilikuwa kimekwisha kwenye duka la dawa la kituo cha afya tangu msimu wa mvua, na hakuna aliyejua kitarudi lini.

Upande wa pili wa uwanja, Glodi alikuwa anapiga pasi shati lake.

Hilo ndilo lililomchoma Angèle. Udenda alikwisha kuuzoea. Pasi ndiyo iliyomshinda kuitazama. Glodi, mtoto wa jirani yake Fortunée, ambaye mwaka jana tu alikuwa anabishana na ukuta na kula udongo, leo alipuliza makaa, akanyunyiza maji kwenye kola, akaigeuza, akaimba. Vijana hao wawili waliwahi kufungwa mnyororo mmoja katika nyumba ya maombi kule Simi-Simi, na mama zao wakawa wanapokezana kuwapelekea pondu, yaani kisamvu. Siku zile Angèle na Fortunée walipendana kama ndugu, maana hakuna aliyekuwa na kitu cha kumringishia mwenzake.

Kisha ukaja utafiti. Madaktari wageni walileta dawa mpya ya wagonjwa wa akili, pamoja na mashine ya kupima damu, wakasema nusu ya wagonjwa watapewa dawa mpya na nusu wataendelea na ya zamani. Kompyuta ndiyo iliyochagua. Glodi akaangukia dawa mpya. Kwa upande wa Merdi, muuguzi Timothée, aliyekuwa akiwatafsiria kina mama, alisema hivi:

“Mama Merdi, mutoto yako iko témoin.”

Sasa, mtaa mzima wa Mangobo, hapa Kisangani, unajua témoin ni nani. Ni yule anayesimama na bwana harusi, aliyevaa suti, anayekaa meza ya mbele na kupewa nyama kwanza. Au ni shahidi wa mahakamani, ambaye hakimu mwenyewe hunyamaza ili amsikilize. Hakuna aliyemwambia Angèle kwamba katika Kifaransa cha madaktari, témoin ni mtu wa kulinganishiwa tu, anayeachiwa kile kile alichokuwa nacho ili ionekane wenzake wamefaidi kiasi gani. Basi akavimba kichwa. Mezani kwake mbele ya lango, alipouza samaki wa moshi kutoka Yanonge, kila mteja aliambiwa kwamba Merdi amechaguliwa kuwa témoin wa madaktari. Fortunée alinuna. Alimfuata Timothée hadi kituoni kumwuliza mbona wa kwake hakuitwa témoin, ana kasoro gani. Angèle alisikia habari hiyo akacheka peke yake jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuonewa gere, na aliona utamu wake.

Utamu huo haukudumu, kwa sababu Glodi alianza kupona.

Tangu hapo Angèle aliona wivu hata kwa mambo ya kijinga. Kila wiki kituo kilituma toleka, baiskeli ya kubeba abiria, kuja kumchukua Glodi akatolewe damu, na akirudi alikuwa na chupa ya soda mkononi. Angèle aliionea wivu soda. Aliionea wivu hata sindano. Tone la damu la Glodi lilikuwa na watu wa kulisubiri. Merdi angemwaga ndoo nzima asipatikane wa kuuliza. Alipomwuliza Fortunée damu hiyo wanaitafutia nini, Fortunée alijibu kwamba ni mambo ya madaktari, akatengeneza kilemba chake. Alikuwa ameelezwa vizuri sana, yeye na mama wote wa dawa mpya, ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Lakini na yeye alikuwa ameanza kuonja utamu wa kuonewa gere.

Fortunée aliuza makayabu, samaki wa chumvi, kwenye soko kuu na hakurudi hadi jua litue. Kidonge cha asubuhi na cha jioni alimpa mwanawe mwenyewe. Cha mchana akamwomba jirani.

“Mama Merdi, nakuomba, ile ya midi umupatie weye. Ye mwenyewe anasahauka.”

Angèle alikubali. Angekataaje, watu wa uwanja mmoja? Siku za mwanzo alikitoa kidonge na maji, akamtazama Glodi akimeza, akarudi kwa Merdi wake na kitenge cha kufutia udenda. Lakini mchana ule wa pasi, akiwa na vidonge vyote viwili kiganjani, alimpa Glodi kile cha Merdi, na Merdi akampa kile cha Glodi. Vilikuwa vidogo, vyeupe, vimefanana. Glodi alimeza bila kuangalia, akasema aksanti mama, akarudi kwenye shati lake.

Kesho yake alifanya vile vile. Baada ya muda shingo ya Merdi ilinyooka. Alilala bila kupiga kelele. Siku moja, wakila, aliuliza ni nani aliyekula kichwa cha samaki, maana wanajua yeye ndiye hupenda kichwa. Angèle aliinuka akaenda nyuma ya jiko akalia mpaka kamasi zikamtoka. Mtoto wake alikuwa amerudi. Glodi naye aliunguza kola ya shati kwa pasi, mkono ukiwa mzito, na Fortunée akasema labda amechoka. Angèle alijibu ndiyo, labda amechoka, na moyo wake ukapoa kama aliyekunywa maji.

Kisha Merdi akashikwa na homa. Koo lilivimba, kinywani mkatoka vidonda, akashindwa kumeza hata uji. Angèle alimpandisha kwenye toleka, akamfunga kwa kitenge kwenye mgongo wa mwendeshaji, akakimbia pembeni hadi kituoni.

Timothée alimchungulia kinywa akasema ni malaria, akampa paracetamol. Angèle akaomba wampime kwa ile mashine.

“Mama, ile machine iko ya wale ya dawa mupya. Ye iko témoin. Ba témoin hatuwapimaka damu.”

Ndipo Angèle alipoelewa témoin wa madaktari ni nani. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kuifungua mashine ile, na neno hilo lingemtoa Glodi kwenye dawa. Alimtazama Merdi aliyekuwa anatetemeka sakafuni. Alimfikiria Glodi. Sehemu moja ya moyo wake, ambayo asingeitaja hata kwenye maombi, ilifurahi kwamba wale vijana watakuwa sawa tena.

“Amekunywa,” alisema. “Ile ya midi ya Glodi, njo nilikuwa namupatia.”

Wakampima mara moja. Daktari Hugues, mkuu wa utafiti, alitoka na karatasi ya mashine mkononi. Hakumgombeza. Alimweleza kwamba dawa mpya, kwa watu wachache, humaliza askari weupe wa damu, mpaka kidonda kidogo kinaweza kuua. Ndiyo maana damu hupimwa kila wiki. Askari wa Merdi walikuwa karibu kwisha.

“Docteur, hamukuniambia,” alisema Angèle.

“Weye haukukuwa concernée, mama. Ile haikukuhusu.”

Akaagiza Merdi alazwe na kuchomwa sindano. Kisha akasema wote wawili wameondolewa katika utafiti: Merdi kwa kuwa témoin aliyeonja dawa si témoin tena, Glodi kwa kuwa haijulikani amekunywa nini. Angèle alimwomba amwache Glodi, kosa ni lake. Daktari alisema haina maana kubishana, utafiti unafungwa Ijumaa. Dawa iliyobaki itarudishwa ilikotoka, na hapa Kisangani haiuzwi popote. Wagonjwa wote wataiacha.

Fortunée alikuwa ameitwa kutoka sokoni. Alisikia yote akiwa mlangoni, mikono ikinuka chumvi ya makayabu. Angèle alingoja kofi. Halikuja. Fortunée alikitazama kitanda, chupa ya maji iliyotundikwa, Timothée anayetafuta mshipa.

“Donc Merdi iko na kitanda,” alisema. “Glodi yangu iko na nini?”

“Dawa ya zamani,” alijibu daktari. “Kama itapatikana.”

Ijumaa Merdi bado alikuwa na homa. Ilibidi apimwe tena ijulikane kama askari wake wanarudi, lakini Timothée alisema vifaa vimeshafungwa. Mashine ilitolewa na wanaume wawili, ikapita katikati ya vitanda. Walikuwa wameiviringishia godoro na mablanketi ya wodini isije ikagongwa njiani kwenda uwanja wa ndege wa Bangboka. Wakailaza ndani ya gari, na mmoja wao akapanda, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akamwambia dereva aende polepole, barabara ina mashimo.

Angèle alisimama dirishani akiitazama, na wivu ukampanda, ule ule, safari hii kwa chuma. Nyuma yake Merdi aliuliza kama kuna blanketi.