Majani ya Mfuko Uliopasuka

Shangazi huniita Bubu, kwa mapenzi tu. Yeye ni mtafiti wa magonjwa ya mihogo. Mimi namwoshea vichupa vya maabara tangu nilipoacha shule darasa la tano. Husaga majani, mashine ikasoma vinasaba vya ugonjwa uliomo, naye akavituma kwenye hazina ya pamoja, ambamo watafiti wa nchi nyingi huchangia na kuchota. Zamani alisubiri majibu wiki nzima. Tangu uletwe ule waya mnene wa mtandao, majibu hufika chai ikiwa bado moto.

Jumanne yalifika hivyo. Shamba la mama mmoja wa kilimani lina ugonjwa mkali. Mihogo yake yote ing'olewe keshokutwa.

Nikaendelea kuosha.

"Bubu, hicho kichupa kimekukosea nini? Mara ya nne sasa unakiosha."

Siku ya kuchuma majani, mifuko niliibeba mimi. Mfuko wa shamba la bondeni ulipasuka njiani. Nikaona haya kurudi kuomba mwingine, nikayatia majani yake katika mfuko wa mama yule. Ndipo nikamweleza shangazi yote, macho sakafuni.

Akaweka kikombe chini. "Mbona hukusema?"

"Niliona majani ni majani, shangazi."

"Hata mbuzi huona hivyo." Hakucheka. Kisha akavuta kiti cha pili. "Njoo. Kosa limekwenda mbio, masahihisho nayo yaende mbio. Waandikie wewe wenzetu wa hazina."

"Mimi? Si wasomi hao?"

"Wasomi hawakuwepo mfuko ulipopasuka."

Nikaandika kwa kidole kimoja: nilichanganya majani njiani, msiyatumie. Shangazi akatafsiri chini yake, akatuma. Alasiri tukapanda kilimani kuchuma upya. Mfuko niliukumbatia kama mtoto mchanga mpaka maabara.

Kesho yake, saa nne, majibu yakaja. Shamba la kilimani ni zima; ugonjwa ulikuwa wa majani ya bondeni. Shangazi alimpigia simu mama yule, nikasikia shukrani zake mpaka kwenye beseni langu. Mwisho wa majibu, mtafiti mmoja wa mbali alikuwa ameongeza mstari, shangazi akanisomea mara mbili: mpeni shukrani zangu huyo aliyebeba mifuko.

"Bubu wangu," akasema, "miaka mitatu kimya, siku ya kufungua mdomo nchi tisa zinakusikia."

Nikarudi kwenye vichupa. Siku hiyo niliosha kila kimoja mara moja tu.